Nusu Sekunde ya Bibi

Jumatatu saa kumi na moja jioni Vidole alirudi kutoka mazoezini, akavua viatu mlangoni na kutangaza kwamba anachelewa.

"Unachelewa wapi?" akauliza baba yake bila kuinua macho kwenye cherehani. "Tulikutegemea saa kumi na mbili. Leo umewahi."

"Sichelewi kurudi. Nachelewa kupiga."

Bibi alikuwa kwenye kochi lake karibu na dirisha, akifumua pindo la suruali ya mteja aliyenenepa. Alikata uzi kwa meno, ingawa kila siku mkwewe humkataza, akasema, "Basi kesho toka mapema, mjukuu wangu. Barabara hii haina huruma."

Vidole akasukuma viatu vyake kando ya mlango. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na jina hilo alipewa na Bibi siku aliyozaliwa, kwa sababu vidole ndivyo vilivyotangulia kuonekana kwenye blanketi, virefu kama vya mtu mzima aliyekuja kudai kitu. Sasa vidole hivyo vilikuwa na siku tano tu. Mpiga piano mkubwa aliyealikwa na okestra alikuwa ameshikwa na mgongo, akashindwa hata kujifunga viatu, na watu wa okestra wakamkumbuka binti wa fundi cherehani aliyeshinda mashindano ya vijana mwaka uliopita. Tamasha lilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Likienda vizuri, Vidole angesafiri na okestra hiyo miji mitano. Likienda vibaya, kulikuwa na dada mmoja mpole aliyekaa ukumbini tangu siku ya kwanza ya mazoezi, kitabu cha muziki magotini, akitabasamu na kila mtu. Wapiga fidla walimwita Akiba.

"Nani kasema unachelewa?" Mama alitokea jikoni, bado amevaa koti jeupe la kliniki. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na kila alipokuuliza swali ulijikuta unafungua mdomo wazi.

"Fimbo."

Fimbo ndiye kiongozi wa okestra. Aliitwa hivyo kwa ajili ya kile kijiti chake cha kuongozea, japokuwa wapo waliosema ni kwa ajili ya tabia.

"Anasema sehemu ya pili, ile ya taratibu, kila nikifika kwenye ile sauti ndefu ya 'so', nachelewa nusu sekunde. Iko mara tisa. Nachelewa mara tisa. Amesema Ijumaa akisikia tena hivyo, Jumamosi Akiba ndiye atakayepiga."

Cherehani ikanyamaza.

"Nusu sekunde," akasema Baba. "Mimi mteja wa Ijumaa humpa nguo Jumatano ya wiki nyingine, na bado anasema asante."

"Wateja wako hawapigi tarumbeta nyuma yako, Baba."

"Haya, tupigie tusikie. Huyo Fimbo pengine masikio yake ndiyo yanawahi."

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa duka na ukumbi kwa pamoja. Upande mmoja kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, na sanamu la kupimia nguo lisilo na kichwa. Upande wa pili ilisimama piano ya kahawia, ya kuegemea ukuta, iliyotolewa na shule moja ilipohama jengo. Mteja aliyekuja kujaribu suti alipata muziki bila kuuliza. Mmoja alilalamika kwamba suruali zote alizoshonewa wakati Vidole anafanya mazoezi ya nyimbo za huzuni humbana kiunoni.

Katika nyumba hiyo vibao vya piano viliitwa meno. Hilo lilitoka kwa Mama, ambaye kwake kila kitu cheupe kilichojipanga ni meno. Na katika meno yote themanini na manane, jino moja, ile 'so' iliyo juu kidogo ya katikati, lilikuwapo kwa macho tu. Ulilibonyeza, likashuka vizuri, likapanda vizuri, na halikusema kitu. Nyundo yake ya ndani ilivunjika mwaka ambao piano iliingia, Vidole akiwa na miaka kumi. Mama aliliita Pengo.

Vidole akaketi, akapuliza vidole vyake, akaanza ile sehemu ya pili.

Ilikuwa mwendo wa taratibu, kama mtu anayepanda ngazi amebeba mtoto aliyelala. Ikapanda, ikapanda, ikafika kwa Pengo. Kidole kikashuka. Mguu wa Baba ukatulia kwenye kanyagio. Jikoni bomba likafungwa. Kwenye kochi Bibi akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzamia. Kisha watatu wote wakaimba kwa pamoja, "Sooo," na Vidole akaendelea na sauti inayofuata.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka kumi na mmoja. Kwenye vipande vya haraka walimwachia mwenyewe, kwa kuwa hakuna ulimi wa kushindana na vidole vile. Lakini kila 'so' ndefu ilikuwa yao. Baba angekuwa anabishana na mteja kuhusu kola, akakatiza neno, akaimba, akarudi kwenye kola. Mama aliwahi kuimba akiwa na mswaki mdomoni. Wakati mwingine mgeni aliyekuja kuchukua koti alijikuta naye anaimba, kisha akaangalia huku na huku kama aliyepiga chafya msikitini au kanisani.

Pengo likaja mara ya pili. Vidole akashusha kidole, na kwa mara ya kwanza maishani akajisikiliza.

Mikono yake ikabaki hewani.

"Mbona umeacha?" akauliza Baba. "Ilikuwa tamu."

"Ni sisi," akasema Vidole.

"Sisi nani?"

"Sisi sote. Humu ndani ndimo tunamochelewa. Nikifika pale nawangoja nyinyi. Hata kule ukumbini, ambako piano ina meno yote, mkono wangu unawangoja."

Baba na Mama wakatazamana. Ni Bibi aliyeweka ile suruali magotini na kuvua miwani.

"Sema mimi."

"Sijasema hivyo, Bibi."

"Hujasema, lakini macho yako yamekuja kwangu kabla ya wengine. Mtoto mwema wewe, ila macho yako hayana adabu." Alifuta miwani kwa pindo la suruali ya mteja. "Nina miaka sabini na minane. Hawa wanaimba kwa pumzi waliyonayo. Mimi yangu lazima kwanza niitafute ilipo. Hawa wananingoja mimi, na wewe unawangoja hawa. Nusu sekunde yako ni yangu."

Ilikuwa kweli tupu.

"Basi hili ni jambo dogo," akasema Baba, akisugua viganja kama mtu aliyepewa kitambaa cha kutosha. "Tunyamaze. Kwani kunyamaza kuna ufundi gani? Piga."

Vidole akapiga. Pengo likaja, na Baba akaimba peke yake, kwa sauti kubwa, kisha akashangaa kama aliyesukumwa.

"Mguu umesimama wenyewe," akajitetea. "Nao mdomo ukadhani ni kazi."

Wakarudia. Baba akajiziba mdomo kwa futi ya kupimia. Mama akaimba kutoka jikoni. Wakarudia tena. Mama akaziba wake kwa kitambaa cha vyombo, na Bibi, ambaye alikuwa ameufunga mdomo wake kwa viganja viwili, akaimba kwa pua.

"Pua haikukatazwa," akasema.

Hapo wote walicheka, Vidole naye akacheka mpaka akalaza shavu kwenye meno ya piano, yakalia yote kwa mara moja isipokuwa lile moja. Lakini alipoinuka macho yalikuwa yameanza kulowa.

"Ingekuwa yule fundi wa piano aliipata nyundo ya Pengo," akasema, "leo nisingekuwa na shida hii. Miaka yote hii anatafuta nyundo moja."

Mama alikumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni. Bibi akavaa miwani na kuanza kuisoma suruali. Baba, fundi ambaye anaweza kutunga uzi kwenye sindano akiwa amefumba macho, alijaribu mara tatu na kukosa tundu.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Kuna nini?"

Baba akainuka. Akaenda kwenye rafu, akashusha kopo kubwa la vifungo, lile ambalo watoto wa mtaa walikatazwa kuligusa, akachomeka mkono mpaka kwenye kiwiko. Vifungo vikalia kama mvua ya mawe. Mkono ukatoka na kitu kidogo kilichofungwa kwenye kipande cha bitana ya bluu. Akakiweka juu ya piano, akarudi nyuma hatua mbili.

Ndani yake mlikuwa na nyundo ndogo ya mbao, kichwa chake cha sufu nyeupe safi.

"Hii imekuja lini?"

"Ilikuja," akasema Baba, "siku hizi za karibuni."

"Miaka mitano," akasema Mama kutoka jikoni.

"Miaka mitano, ndiyo. Ulikuwa shuleni. Fundi aliileta akasema anaiweka sasa hivi, dakika ishirini. Nikamwambia ngoja nitakuita." Baba alishika kingo za meza ya kukatia. "Nilitaka kumwita siku hiyohiyo. Jioni ukarudi, ukakaa, ukapiga, ukafika pale, tukaimba. Nikafikiri, humu ndani mtoto anapiga sauti elfu. Mimi nina moja. Nikiitengeneza hii, nitakuwa fundi cherehani tu anayesikiliza."

Vidole akaichukua ile nyundo. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, ila ilikosa pa kukaa. Akageukia jikoni.

"Na wewe Mama ulijua."

"Nilimwona akiificha. Kama ningesema, na mimi ningepoteza kazi."

"Bibi?"

"Mimi ndiye niliyemwambia aiweke kwenye vifungo," akasema Bibi. "Yeye alitaka kuificha chini ya godoro, pahali ambapo hata mgeni angeiona. Mwanangu huyu hajui kuficha."

*

Fundi wa piano alikuja Jumanne asubuhi na mkoba wake wa ngozi, mtu mwembamba aliyetembea kichwa kimeinama upande mmoja, kana kwamba daima anasikiliza kitu kwenye ukuta wa jirani.

"Uliniambia nitakuita," akamwambia Baba.

"Si nimekuita."

"Nilidhani ni wiki ileile."

"Hukusema wiki, wala mimi sikusema."

Fundi akaifungua piano mbele, akaingiza mkono, akatoa kibanzi cha nyundo ya zamani na vifungo saba, sindano mbili, na kipande cha chaki ya fundi cherehani ambacho Baba alimshuku mteja mmoja kukiiba tangu zamani. Familia nzima ilisimama nyuma yake kama watu walioleta mgonjwa. Mama, kwa mazoea ya kazini, alimshikia tochi na kumwambia, "Pole pole hapo, usiguse la jirani."

Dakika ishirini hazikufika. Miaka kumi na mmoja ilimalizika kabla chai haijapoa.

"Haya, binti, onja."

Vidole akasimama tu, hakukaa. Akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza Pengo.

Likaimba. Sauti safi, ya mviringo, iliyojua mahali pake. Midomo mitatu nyuma yake ilikuwa imeshafunguka, ikakuta kazi imefanywa, ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

"Sauti nzuri," akasema Bibi. "Nzuri kuliko yangu. Na haivuti pumzi."

Akasema anakwenda kulala kidogo, saa nne asubuhi, yeye ambaye usingizi wa mchana huuita ugonjwa wa matajiri.

Siku hiyo nyumba ilikuwa na adabu ya kutisha. Vidole alipiga, Pengo likaimba, cherehani ikaendelea bila kusimama. Mteja aliyekuja kujaribu koti akauliza kama kuna msiba. Na bado, kila alipofika kwenye ile 'so', mkono wa Vidole ulisita. Kwenye kimya kile alisikia wazi zaidi kuliko wakati wowote: mguu wa Baba ukitulia nusu, Mama akimeza mate, na kutoka chumba cha ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu akivuta pumzi.

Jumatano Mama alirudi kutoka kliniki na mfuko wa karatasi.

"Tatizo si kuimba," akatangaza. "Tatizo ni maandalizi ya kuimba. Kila siku nakaa na watu wanaotaka kusema na hawawezi. Dawa ninayo."

Akamwaga mezani vipamba vya daktari wa meno, vile vilivyoviringishwa kama sigara nyeupe, ambavyo mgonjwa huwekewa shavuni. Kila mmoja akapata viwili, kulia na kushoto. Bibi, ambaye ilibidi aitwe mara mbili ndipo atoke chumbani, alijitazama kwenye kioo cha kujaribia nguo na kusema kitu ambacho hakuna aliyekielewa, ila kilionekana ni matusi.

Wakakaa watatu kwenye benchi la wateja, mashavu yamejaa kama panya walioiba mahindi, mikono magotini. Vidole akapiga. Alipotazama pembeni alilazimika kuacha, akacheka mpaka akashika mbavu. Akaanza tena. Akacheka tena. Mara ya tatu hakutazama. Pengo likaja, kidole kikashuka, hakuna aliyevuta pumzi ya kuimba kwa kuwa hakukuwa na pa kuipitishia, na sauti ikatoka kwa wakati wake.

Benchi zima likapiga makofi bila kusema neno.

Wakarudia jioni ile mpaka vipamba vikalowa, na Alhamisi wakarudia kwa vipya. Baba alishona gauni la tamasha huku ana pamba mashavuni. Gauni lenyewe alikuwa amelipima kwa namna yake: mafundi wengine humpima mtu amesimama, yeye alimpima mwanawe amekaa anapiga, futi mkononi, akimfuata huku na huku mikono inapokwenda. Chini ya kwapa alitia kipande cha ziada cha kitambaa, cha umbo la jani, ili bega likimbie bila kuvuta kiuno. Mteja wa koti alipokuja kulalamika kwamba lake halijamalizika, Baba alimjibu kwa pamba, kwa urefu na kwa hisia nyingi, na mtu yule akaondoka ameridhika.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Alhamisi jioni Bibi alitema vipamba vyake kiganjani.

"Mimi Jumamosi nitabaki nyumbani," akasema. "Kuna mtu lazima alinde duka."

"Jumamosi duka limefungwa, Bibi."

"Ndiyo maana linahitaji kulindwa."

Vidole akaenda kukaa kwenye mkono wa kochi. "Ni kwa sababu ya ile nusu sekunde?"

"Hii pamba inaweza kuanguka. Mimi najijua. Na mtu anayejijua hakai katikati ya watu na kumharibia mjukuu wake kazi." Bibi alivikunja vile vipamba ndani ya leso kwa uangalifu, kama vitu vya thamani. "Nitafungua dirisha. Pengine upepo utaleta."

"Ukumbi uko mwendo wa nusu saa kwa basi. Upepo gani huo?"

"Basi nitakaa kimya nifikirie."

"Bibi, usipokuja sipigi. Mwambie Akiba ajiandae."

Bibi akaifunga leso fundo. "Hayo ni maneno ya kumtisha mtu mzima?"

"Ndiyo."

"Umejifunza wapi?"

"Hapa, kwenye kochi hili."

*

Ijumaa, kwenye mazoezi ya mwisho, sehemu ya pili ilipoanza Akiba alifungua kitabu chake magotini, akanoa penseli kabisa. Vidole alifumba macho. Aliona benchi la wateja, mashavu sita. 'So' ya kwanza ikatoka kwa wakati. Ya pili. Ya tano. Ya tisa.

Fimbo alishusha kijiti, akafunga kitabu chake kikubwa.

"Vizuri," akasema. Kwa mdomo wake hilo lilikuwa neno refu. Kisha, wapiga vyombo walipokuwa wakifungua masanduku yao, akainama kwenye piano. "Jumatatu ulikuwa unamngoja nani?"

"Bibi yangu."

Fimbo alilitafakari jibu hilo. "Nilidhani ni mchumba. Sikiliza, humu tuko watu sitini na wawili. Hatuwezi kumngoja bibi wa kila mtu."

"Naelewa."

"Wangu alikuwa mzito wa kuamka," akasema Fimbo, akaondoka.

Kwenye dirisha la tiketi mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kwa shanga alimpa Vidole karatasi tatu bila kumtazama. "Familia ya mpigaji. Safu ya mwisho, nyuma ya nguzo."

"Hakuna mbele kidogo? Nyuma ya nguzo hawataniona."

"Mbele ni za wafadhili. Kwani hao wa kwako wanakuja kuona au kusikiliza?" Akagonga karatasi ya maonyo iliyobandikwa kwenye kioo. "Na uwasomee hii. Hakuna kula, hakuna kuongea, hakuna kupiga makofi kabla ya mwisho. Wengine wanakuja hawajawahi."

Vidole alifika nyumbani na tiketi zile zikimchoma mfukoni. Aliogopa kusema habari ya nguzo, akaisema haraka, akiwa ameinama kufungua viatu.

"Nguzo ni nzuri," akasema Baba. "Nitaegemea. Wafadhili wenyewe hawana pa kuegemea."

*

Jumamosi saa kumi jioni jua lilipita kwenye madirisha ya juu ya ukumbi na kuanguka kwenye viti vyekundu. Vidole alitoka na gauni lake la kijani kibichi, akainama kwa watu, na alipoinuka aliona kile alichokitafuta. Kule mwisho, upande wa kushoto wa nguzo, vichwa vitatu vilikuwa vimeinama upande mmoja kama miti iliyopigwa na upepo. Mashavu yao yalikuwa yamevimba vizuri sana. Jirani yao, bwana mmoja mwenye tai, alikuwa amejisogeza mbali kidogo, akidhani ni kitu cha kuambukiza.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji. Bega likakimbia, gauni halikuvuta. Ikaja ya pili. Ngazi ikapandwa taratibu, 'so' ya kwanza ikatoka safi, na fidla zote zikaingia chini yake kwa wakati kama mlango unaofunguliwa na mtu anayekutegemea. Vidole akahisi ubaridi mtamu mgongoni. Sitini na wawili walikuwa pale pale alipo, hakuna aliyengoja, hakuna aliyengojwa. Akaelewa alichokuwa anakitaka Fimbo. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kweli, na akakipiga mara tisa, na mara ya tisa akatabasamu bila kujijua.

Sehemu ya mwisho ilipokwisha watu walisimama. Yule mama wa tiketi, aliyekuwa amekuja kusimama mlangoni, alipiga makofi kwa nguvu mpaka miwani ikamwanguka kifuani. Vidole alitoka, akaitwa arudi, akatoka, akaitwa tena. Nyuma ya pazia Fimbo alikuwa anajifuta jasho.

"Jumatatu njoo ofisini," akasema. "Miji mitano. Uje na kalamu, sitaki visingizio. Sasa rudi uwape kitu kifupi, hawataondoka hawa."

Alikuwa ameandaa kitu kifupi, kipande cha kasi, cha kuonyesha vidole, cha kuwaacha watu midomo wazi. Akaketi. Ukumbi ukatulia. Akanyanyua mikono kwa ajili ya kile kipande cha kasi, akatazama kule kwenye nguzo, kisha akaishusha mahali pengine kabisa.

Alianza wimbo wa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha wanaoanza. Ule ambao mtoto yeyote aliyewahi kukaa mbele ya piano ameupiga na kuuchoka. Mistari minne, na kila mstari unaishia kwenye 'so' moja ndefu. Watu wengine walicheka kwa upole. Mstari wa kwanza ukapanda, ukafika mwisho, na Vidole akanyanyua kidole. Hakukishusha.

Kimya.

Akaenda mstari wa pili. Ukafika mwisho. Kidole kikabaki hewani. Kimya tena, na safari hii mtu akakohoa. Kwenye safu ya wafadhili bibi mmoja alimnong'oneza mumewe kwamba maskini, amesahau. Pembeni ya jukwaa Fimbo alisogeza pazia.

Nyuma ya nguzo kulikuwa na taharuki. Baba alikuwa amemshika Mama mkono, Mama amemshika Bibi goti. Wote watatu walikuwa wameapa kutoimba, na macho yao yalikuwa yamewatoka. Walidhani wanapimwa.

Mstari wa tatu. Vidole aliupiga taratibu, akafika mwisho, akanyanyua kidole, na sasa akageuza kichwa chake kizima kuelekea kwenye nguzo, mbele ya watu mia nane, akatazama na kungoja.

Kule mwisho Bibi akaingiza vidole mdomoni, akatoa kipamba cha kulia, akatoa cha kushoto, akamwekea mwanawe kiganjani.

"Nyinyi nanyi," akasema, na kwa jinsi ukumbi ule ulivyojengwa vizuri, kila mtu alisikia mpaka kwenye safu ya wafadhili. "Hamuoni mtoto anatungoja?"

Pakawa na kicheko, kikapita kama upepo, kikatulia. Mstari wa nne ulikuwa umeshaanza. Ukapanda. Baba alikuwa anatema pamba kwenye leso, Mama anatema kwenye mkoba. Bwana mwenye tai alijikuta anaishika ile leso bila kujua imemfikiaje. Wimbo ukafika mwisho wake, kidole kikapanda juu, na katika ukumbi mzima hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa moja, ndogo, ya mbali, ya bibi wa miaka sabini na minane anayetafuta pumzi yake ilipo.

Vidole alingoja. Alikuwa na muda wote wa duniani.